Kwenda na Kurudi

Miongoni mwa miendo yote inayopimwa na elimu ya fizikia, mmoja ni mwenyeji wa kila mahali. Mtoto aliye juu ya bembea, timazi ya mwashi kabla haijatulia, uzi wa zeze ulioguswa kwa kidole, dau lililotia nanga likapigwa na wimbi ubavuni likaenda mrama: vyote hivi hutoka katika kituo, hufika ukingoni, hurejea, hukipita kituo, hufika ukingo wa pili, kisha huanza tena. Wataalamu huuita mwendo wa namna hii harmoni sahili. Neno la kwanza limetoka katika muziki. La pili limewapoteza wanafunzi wengi, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisichochanganyika na kwa kitu kisicho na taabu. Mwanafunzi huisikia maana ya pili, akaona haya kushindwa na jambo lililokwisha kuitwa jepesi. Kiswahili nacho hakikuuepuka kabisa mtego huo, maana sahili na rahisi kwa watu wengi ni ndugu. Lakini katika fizikia usahili wa mwendo huu ni kutochanganyika kwake tu. Mtu aweza kuuona tangu utotoni na asiuelewe hata uzeeni.

Chang'ombe, katika wilaya ya Temeke, pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha ualimu. Wanafunzi wake wa fizikia hujifunza sayansi pamoja na ualimu, na wengi wao hukusudiwa kufundisha katika shule za sekondari. Jambo hili huutia uzito kila mhadhara. Mhandisi asiyeuelewa mwendo huu huenda akaharibu mashine moja. Mwalimu asiyeuelewa atawarithisha watoto kutoelewa kwake kwa miaka thelathini au zaidi, na baadhi yao watakuwa walimu pia.

Mwalimu mmoja wa fizikia alikuwa na desturi ya kuianza sura hii kwa swali badala ya maelezo. Alifunga jiwe kwa uzi, akalining'iniza katika boriti, akalivuta pembeni kidogo, akaliachilia. Kisha aliwauliza wanafunzi wake, ambao walikuwa zaidi ya mia katika ukumbi mmoja: jiwe linapofika ukingoni, mahali ambapo husimama kwa nukta moja kabla ya kurudi, mchapuko wake ni kiasi gani? Aliuliza kwa Kiingereza, kama mtaala unavyotaka. Jibu lilitoka upesi, nalo lilitoka kwa wengi kwa pamoja: mchapuko ni sifuri, kwa sababu jiwe limesimama. Akauliza tena: na katikati, mahali ambapo jiwe huenda mbio kuliko pengine pote? Wakajibu kuwa hapo mchapuko ni mkubwa kupita kiasi.

Majibu yote mawili yalikuwa kinyume cha kweli. Lakini lililomshangaza mwalimu halikuwa kosa lenyewe. Wanafunzi wale wale, walipotakiwa kueleza mwendo huu ni nini, waliitoa tafsiri yake bila ya kukwama, neno kwa neno, kama walivyoipokea kidato cha tano: mwendo ambao mchapuko wake huongezeka kwa kadiri ya umbali kutoka katika kituo, na siku zote huelekea kituoni. Waliiandika na kanuni yake ubaoni pamoja na alama ya kutoa. Ukingoni ndipo umbali ulipo mkubwa kuliko pote, na kituoni umbali haupo kabisa. Kwa hiyo ile kanuni waliyoiandika kwa mkono wao ilikuwa ikiwakanusha mbele ya macho yao, na hapana hata mmoja aliyeshtuka. Kanuni ilikaa chumba kimoja cha akili na jiwe likakaa chumba kingine, na kati ya vyumba viwili hivyo hapakuwa na mlango.

Ni desturi kusema kwamba kosa ni la lugha. Hoja hiyo ina nguvu, nayo ina historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kitivo cha sayansi kilifuata mwaka 1965, baada ya chuo kuhamia Mlimani. Tangu siku hiyo ya kwanza lugha ya masomo ilikuwa Kiingereza. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kipande hata sekondari na chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo mtoto wa Tandika au wa Manzese hujifunza sayansi kwa Kiswahili miaka saba, kisha huvushwa ng'ambo kwa siku moja, akaambiwa aanze upya.

Mwalimu huyu aliijua hoja hiyo, akaijaribu. Mwaka mmoja aliitoa tafsiri ya mwendo kwa Kiswahili tangu mwanzo, akitumia maneno kama kani, mchapuko na tungamo, ambayo si mageni tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa imetoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Wanafunzi walifurahi, wakaandika, wakahifadhi. Juma la pili aliuliza swali lake la ukingoni. Wakajibu sifuri. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwa imemezwa nzima kama ile ya Kiingereza, wala haikuwa imesagwa na jino lolote. Watu wanaokitetea Kiswahili kana kwamba neno lake peke yake ni dawa wangefaa kuwapo darasani siku ile.

Tofauti ilionekana baadaye kidogo, alipoacha kutoa tafsiri akawaachia wanafunzi swali wagombane nalo kwa lugha waitakayo. Alisema, "Kama ukingoni hapana kani, ni nani anayelirudisha jiwe?" Ukumbi ulinyamaza, kisha ukavuma. Mmoja alisema jiwe hurudi kwa kuwa limechoka. Wenzake wakamcheka, lakini walipotakiwa kueleza kuchoka kwa jiwe ni nini hawakuweza, kicheko kikaisha. Mwanafunzi wa kike, mwenyeji wa Mbagala, alisimama akapinga upande wa pili wa jambo. "Mwalimu," alisema, "mimi nimepanda bembea. Nikipita chini kabisa ndipo ninapobanwa sana na ubao. Itakuwaje tuambiwe hapo hapana kani?"

Pingamizi hilo lilikuwa bora kuliko majibu yote ya kuhifadhi. Mwalimu alilipokea kwa heshima. Alimwuliza ubao humbana kuelekea upande gani. Akasema juu. Je, humsukuma mbele au nyuma? Akafikiri, akasema la. Basi kani ile ipo, na ni kubwa, lakini hushughulika na kumpindisha mpandaji afuate duara la kamba. Haimharakishi wala haimcheleweshi katika njia yake. Katika njia ya kwenda na kurudi, pale chini hapana wa kumvuta mbele wala wa kumvuta nyuma. Hupita kwa mbio alizokuja nazo. Na kadiri anavyokwenda mbali, ndivyo anavyoitwa nyumbani kwa nguvu zaidi, hata mbio zikaisha zote. Na hapo ukingoni, ambapo mbio hazipo kabisa, mwito huwa mkubwa kupita mahali pengine pote. Alama ya kutoa katika kanuni ni mwito huo. Mwanafunzi aliketi, akaandika jambo katika daftari lake, kisha akalipiga mstari akaliandika upya.

Hapana mtu agombanaye vema katika lugha ya kuazima. Kwa Kiingereza mwanafunzi yule angelihifadhi pingamizi lake moyoni, kwa kuwa kulisema kulihitaji maneno ambayo hakuwa nayo tayari, na kunyamaza hakuhitaji kitu. Hii ndiyo faida ya Kiswahili katika somo hili, nayo yatosha.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sababu yake maalum ya kuyaheshimu mapingamizi ya wanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona katika kutengeneza barafu za maziwa kwamba maziwa yaliyotiwa yakiwa ya moto yaligandika kabla ya yale yaliyopozwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na shule. Osborne hakucheka, alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 majina yao wawili yalitoka pamoja katika jarida la elimu ya fizikia. Mpaka leo wataalamu hawajapatana juu ya sababu, na wengine hawajapatana hata juu ya jambo lenyewe. Hilo halimwondolei Osborne sifa ya kuwa alisikiliza.

Turudi Chang'ombe. Baada ya swali yalikuja majaribio, na vifaa vyake vilikuwa vya mtaani. Mwalimu alinunua springi laini kwa wauza vyuma chakavu, akaitundika, akafunga chini yake chupa ya maji ya nusu lita. Springi ilinyumbuka sentimeta 12. Akafunga chupa ya pili. Ikanyumbuka 12 nyingine. Kadiri ya mzigo ndiyo kadiri ya kunyumbuka: hiyo ni kanuni aliyoitangaza Robert Hooke mwaka 1678, na ndiyo inayoufanya mwendo uwe sahili. Kisha alichukua ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa tairi, ambao kila mtoto hufanyia manati, akarudia. Chupa ya kwanza iliunyosha kiasi, ya pili kiasi kingine, ya tatu kingine tena, na viasi hivyo havikuwa sawa. Ukanda nao huenda na kurudi, lakini hauitiki kwa hesabu sawa. Hapo neno sahili lilipata maana bila ya kuelezwa.

Jaribio lililofuata wanafunzi wengi hawakulisahau. Mwalimu aliacha chupa mbili katika springi, zilizoivuta sentimeta 24, na kando yake akaning'iniza jiwe kwa uzi ambao, ukipimwa mpaka katikati ya jiwe, ulikuwa wa sentimeta 24 pia. Akaviachilia pamoja, kimoja kikipanda na kushuka, kingine kikienda kushoto na kulia. Vilikwenda pamoja, kila safari ikichukua karibu sekunde moja, na ilipita safari nyingi kabla ya kimoja kuanza kumwacha mwenzake. Kitu kimoja huvutwa na chuma, kingine huvutwa na dunia. Hesabu yao ni moja. Akaongeza chupa zikawa nne, na muda haukuwa maradufu ya ule wa chupa mbili kama wengi walivyobashiri. Ulikuwa maradufu ya ule wa chupa moja. Muda hufuata kipeuo cha pili cha mzigo. Mwanafunzi mmoja, anayesafiri kila siku kwa daladala kutoka Mbagala, alisema sasa anajua kwa nini gari tupu hutetemeka upesi upesi, na likijaa abiria mpaka mlangoni huinuka na kushuka polepole kama jahazi. Mwenzake akaongeza kwamba shokapu zikifa gari haliachi kudunda hata shimo likiwa limepitwa zamani. Basi somo la kufifia kwa mwendo, ambalo ni la juma linalofuata, lilikuwa limekwisha kuanza lenyewe.

Katika uzi wa meta moja walihesabu safari 20 kwa sekunde 40 na kitu kidogo. Walipolivuta jiwe mbali zaidi, nyuzi 10 badala ya 5, hesabu haikubadilika kwa saa walizokuwa nazo mkononi. Walipolivuta mpaka nyuzi 60, safari 20 zilichukua sekunde 43. Vitabu vingi hupita hapa kwa haraka, vikisema tu kwamba pembe iwe ndogo. Mwanafunzi aliyeziona sekunde tatu zile zikiongezeka hajui tu kwamba pembe sharti iwe ndogo; anajua ni bei gani hulipwa isipokuwa ndogo.

Uzi huo huo hupima dunia. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alichukua saa ya timazi kutoka Paris akaenda nayo Cayenne, karibu na ikweta, akakuta inachelewa kiasi cha dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kufupisha timazi yake. Dunia huvuta kidogo zaidi kwenye ncha zake kuliko kwenye kiuno chake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, haina tofauti kubwa na Cayenne. Saa ya namna hiyo iliyosahihishwa London ingechelewa hapa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Timazi ipigayo sekunde moja kwa kila upande hutaka urefu wa sentimeta 99.4 London, na 99.1 Temeke. Milimeta tatu hizo mwanafunzi wa Chang'ombe aweza kuzitafuta mwenyewe kwa uzi, rula na uvumilivu. Wengi hawazifikii, kwa sababu kidole kinachobonyeza saa huchelewa. Lakini wanajua sasa wanatafuta nini.

Hata hivyo mfano mkubwa kuliko yote katika mji huu ni bahari. Aliyeuleta ni mwanafunzi aliyekulia Kunduchi, wilaya ya Kinondoni, katika jamaa ya wavuvi. Alisema maji yanapojaa kabisa husimama, kisha huanza kupwa polepole, hukimbia katikati, halafu hulegea tena karibu na kupwa kabisa. Mwalimu alimwomba aende na kijiti chenye alama akapime kila saa. Alileta hesabu yake: katika saa sita za kupwa, maji yalishuka sehemu 1 kati ya 12 katika saa ya kwanza, 2 katika ya pili, 3 katika ya tatu, 3 katika ya nne, 2 katika ya tano, na 1 katika ya sita, kwa makadirio. Hivi ndivyo hasa mwendo sahili unavyogawanya njia yake. Mbio ziko katikati, kusimama kuko kingoni.

Lakini maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Mwezi huyavuta kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25, jua kwa mzunguko wa saa 12 kamili. Miendo hii miwili, kila mmoja sahili, hujumlishwa. Siku zinapopatana, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, huja bamvua, na bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kupita meta 3. Zinapopingana huja maji mafu, na tofauti hushuka mpaka kama meta 1. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku kumi na nne na robo tatu. Mwaka 1872 William Thomson alitengeneza mashine ya magurudumu na kapi ambayo ilijumlisha miendo ya namna hii ikachora maji ya siku zijazo. Wavuvi wa pwani walikuwa na maneno bamvua na maji mafu bila ya magurudumu yale. Mwanafunzi wa Kunduchi alikuwa ameyasikia tangu utotoni, na hakupata kudhani kwamba yana mahali katika mhadhara wa chuo kikuu. Hapa wanafunzi walielewa pia kwa nini mwendo sahili huitwa hivyo: ni kama herufi, nayo miendo mingine ni maneno yaandikwayo kwayo.

Mtihani ulikuja kwa Kiingereza, wala haukuwa na jinsi ya kuwa vingine. Mwalimu hakuudharau; alitenga vipindi viwili vya kuyahamisha maelezo kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, sentensi kwa sentensi, wanafunzi wenyewe wakisahihishana. Baadhi waliandika Kiingereza kibovu chini ya picha iliyo sahihi: jiwe ukingoni, mshale mmoja mrefu wa mchapuko ukielekea kituoni, na neno sifuri kando ya mbio. Wengine waliandika Kiingereza safi na picha isiyo sahihi. Kuwapa alama watu wa makundi haya mawili kulimtaabisha mwalimu kuliko kuwafundisha.

Mwaka uliofuata mwanafunzi wa Mbagala alipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata huko Chamazi, isiyo na maabara. Alikuwa na kidato cha tatu, na jaribio la pendulamu lilikuwa limeandikwa katika ratiba. Alifunga kufuli kwa uzi katika nondo ya dirisha, akalivuta, akaliachilia, akauliza swali la ukingoni, kwanza kwa Kiingereza, na aliposikia ukimya akaliuliza kwa Kiswahili. Ukimya ukavunjika. Kengele ilipolia watoto walikuwa wangali wakibishana, na mwalimu wa kipindi kilichofuata alikuwa amesimama mlangoni na chaki yake. Mtoto mmoja wa nyuma alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, tumekubali ukingoni huitwa nyumbani. Sasa likifika nyumbani, mbona halikai?"

Alimwambia alifikirie usiku huo, na kesho aje na jibu lake.